Kitabu cha Kliniki Kinasema Nini?

Akina mama na akina baba wa mwethya, leo tungependa tuongee juu ya kile kitabu cha mama na mtoto tunachopewa kliniki. Wengi wetu hapa Nuu hukiweka chini ya godoro mpaka siku ya sindano.

Hebu fungua mahali penye mistari ya uzito. Kila mtoto akipimwa, sista hutia alama ndogo. Ukiziunganisha unapata mstari. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala kwa miezi miwili au mitatu, hata kama anacheza tu vizuri, huenda chakula hakimtoshi ama kuna ugonjwa. Usingoje akonde, uliza siku hiyo hiyo. Miaka ya ukame sisi huku twaijua. Kisha tazama kurasa za chanjo. Ya surua hutolewa kwa miezi 9 na tena kwa miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo watu husahau.

Ukitumwa Mwingi au Kitui, beba kitabu pamoja na barua ya kliniki. Daktari wa huko hakujui. Kitabu ndicho kitamwambia kundi lako la damu, presha ilikuwa ngapi, na kama mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mama anayevuja damu usiku wa manane hawezi kueleza hayo yote. Kikipotea, rudi kliniki ile ile, kwa maana chanjo huandikwa pia katika registra inayobaki pale.

Na hiyo registra ni ya nini? Kila mwisho wa mwezi wahudumu huhesabu: wangapi waliugua malaria, wangapi walichanjwa. Hesabu hiyo, bila majina, huingizwa katika kompyuta za Wizara ya Afya na kusaidia kupanga dawa na chanjo. Anayetibiwa bila kuandikwa hahesabiwi.

Jina lako ni jambo lingine. Sheria ya Afya ya 2017 na ile ya Kulinda Data ya 2019 zinataka habari za ugonjwa wako zitunzwe kwa siri. Unaweza kuomba kuziona, na kosa likiwepo lirekebishwe. Mweka hazina wa kikundi akitaka kufungua kitabu chako kabla ya kukupa mkopo, unaweza kukataa, hata akiwa shemeji yako. Na mhudumu wa afya wa kijiji akija nyumbani na daftari, muulize bila haya anaandika nini na anakipeleka wapi.