Upendo wa Mungu na Kisasi cha Damu

Watu wa Bariadi, na wa nchi yote inayonyweshwa na mto Simiyu, wamesikia habari za Injili kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Kituo cha Nassa, kilichoko kando ya Ghuba ya Speke katika wilaya ya Busega ya leo, kilikuwako kabla ya mwaka 1900, na katika mwaka 1909 wamisionari wa Kianglikana walikikabidhi kwa Misheni ya Afrika Inland. Basi si jambo geni katika nchi hiyo kuambiwa kwamba Mungu ni mwenye upendo. Wala si jambo geni kuambiwa kwamba kulipa kisasi ni kazi yake Mungu. Lakini mtu akiyaweka mafundisho hayo mawili pamoja, hapana budi atauliza: Apendaye awezaje kulipiza? Na alipizaye, je, apenda kweli?

Swali hili twalichukua kwa uzito, kwa sababu katika nchi hiyo watu wamekufa kwa kukosa jibu lake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kisasi ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni kulipa sawa kwa sawa. Wengi wasomapo katika Torati sheria ya jicho kwa jicho hudhani kwamba ni ruhusa ya ukatili. Sivyo. Sheria ile ni mpaka. Kabla yake, katika Mwanzo sura ya 4, twasoma habari za Lameki, aliyejigamba mbele ya wake zake wawili kwamba amemwua kijana kwa ajili ya jeraha tu, na kwamba kisasi chake kitakuwa mara 77. Hiyo ndiyo hasira ya binadamu ikiachwa bila kamba: huanza kwa ng'ombe mmoja aliyeibiwa, huishia kwa boma zima kuteketezwa. Sheria ilisema moja kwa moja, kisha basi.

Pili, yatupasa kujua neno moja la Kiebrania, yaani goeli. Goeli ni ndugu wa karibu. Jamaa yake akiuza shamba kwa umaskini, yeye hulikomboa. Akijiuza mwenyewe awe mtumwa, yeye humtoa. Boazi, katika kitabu cha Ruthu, alifanya kazi hiyo kwa mjane asiye na kitu. Na jamaa yake akiuawa, goeli huyo huyo ndiye aitwaye mlipiza kisasi cha damu. Msomaji wa Kisukuma hatashangaa, kwa maana ajua kwamba anayekusaidia mahari na anayesimama nawe siku ya kesi ni ndugu yule yule. Waebrania walimwita Mungu wao kwa neno hilo. Walimaanisha kwamba asiye na ndugu duniani, ndugu yake ni Mungu. Hapa ndipo upendo na kisasi hukutana: hakimu asiyekasirika mjane anapodhulumiwa, twawezaje kusema kwamba ampenda mjane yule?

Hata hivyo Torati haikumwachia goeli wa kibinadamu afanye apendavyo. Ilijua kwamba mwenye msiba haoni vizuri. Kwa hiyo ikaagiza miji 6 ya kukimbilia, mitatu ng'ambo ya Yordani na mitatu katika Kanaani. Mfano unaotolewa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19 ni wa watu wawili waliokwenda mwituni kukata kuni. Shoka likachomoka katika mpini, likampata mwenzake, akafa. Yule aliyeshika mpini na akimbie mjini, asije akaangamizwa na ndugu wa marehemu hali moyo wake ungali ukiwaka. Njia za kwenda huko ziliagizwa kutengenezwa. Huko atasikilizwa, na kesi itaamuliwa kwa ushahidi.

Sasa turudi Bariadi. Mtoto ameugua homa, ametetemeka siku mbili, amekufa. Baba yake aitafuta sababu. Na kusema kweli huzuni yake ni halali. Aenda kwa mganga, ambaye Wasukuma humwita mfumu, naye apiga ramli na kuonyesha nyumba fulani. Mara nyingi nyumba hiyo ni ya kikongwe mjane aishiye peke yake, mwenye macho mekundu. Macho hayo husemwa kuwa alama ya uchawi. Lakini nchi ile haina kuni nyingi. Wanawake hupika kwa mabua ya mtama, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na mwanamke aliyeinamia moshi huo miaka 50 macho yake yatakuwaje? Usiku watu waja na mapanga. Hao hawajioni kuwa wauaji. Hujiona kuwa walipa kisasi.

Tena wako wasemao kwamba Biblia yenyewe yawaruhusu, kwa kuwa katika Kutoka sura ya 22, aya ya 18, mchawi hahurumiwi. Aya hiyo imo, wala hatutaificha. Lakini Torati iliyo na aya hiyo hukataza mtu kuuawa kwa ushuhuda wa mmoja. Yataka mashahidi wawili au watatu. Na mashahidi hao ni watu walioona, si vibuyu wala kuku aliyepasuliwa, kwa maana kupiga ramli kumekatazwa katika Torati hiyo hiyo, pamoja na uchawi, katika orodha moja. Shahidi wa uongo naye hupewa adhabu aliyotaka mwenzake aipate. Kisha, aya 4 tu baada ya ile wanayoitegemea, yaja amri ya kutomtesa mjane wala yatima. Mungu asema huko kwamba akimsikia mjane akilia, hasira yake itawaka, na wake wa waliomtesa watakuwa wajane wao wenyewe. Basi mwenye panga apaswa kuuliza kwa makini: katika usiku ule, goeli anasimama upande gani wa mlango?

Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi katika sura ya 12, aliwaagiza wasijilipie bali wamwachie Mungu, na adui mwenye njaa wampe chakula. Katika sura inayofuata asema kwamba mwenye mamlaka amepewa upanga ili amwadhibu mwovu. Kwa hiyo Mkristo hakatazwi kwenda polisi au mahakamani. Lakini mwenye mamlaka naye si Mungu. Katika mwaka 1976, wakati Bariadi ingali katika mkoa wa Shinyanga, serikali iliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kukomesha mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi. Kusudi lilikuwa jema kabisa. Lakini washukiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mwezi wa Januari mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuwatesa yeye. Baadaye, mwaka 1985, akawa Rais wa Tanzania. Sisi twaona kwamba kisa hiki chaeleza vizuri kuliko hotuba nyingi kwa nini Wakristo husema kisasi kimewekwa mahali pasipofikiwa na mkono wa mtu: hata mkono uliotumwa kumtetea kikongwe ulimwaga damu.

Kuhusu msalaba, kanisa hufundisha kwamba hapo Mungu hakuacha kuuchukia uovu, bali aliupokea uzito wake yeye mwenyewe katika Mwanawe, ambaye aliwaombea msamaha waliokuwa wakimwua. Ndiyo sababu Petro alipouliza asamehe mara ngapi, alijibiwa kwa hesabu inayomkumbusha msomaji zile 77 za Lameki, ila imegeuzwa kichwa chini.

Na yule baba aliyemzika mtoto wake? Haambiwi kwamba hasira yake si kitu. Katika Zaburi zimo sala za kuomba kisasi, kali hata wengine huona haya kuzisoma kwa sauti kanisani. Waliozitunga walikuwa na uchungu kama wake, nao waliupeleka uchungu wao masikioni pa Mungu, wakauacha huko. Moja yao ni Zaburi ya 94. Yaanza kwa kumwita Mungu kwa jina la mwenye kisasi, na ufikapo aya ya 6 wakuta mashtaka yenyewe: kwamba wako watu wanaomwua mjane, na mgeni, na yatima.