Kombora Linalojilenga Lenyewe: Mpigaji Ana Ustadi Gani?

Ndugu msikilizaji, juma hili tuingie katika ubishi ambao umewagombanisha wacheza michezo ya kompyuta kwa miaka mingi. Ni ubishi juu ya silaha inayojitafutia shabaha. Je, anayeshinda kwa silaha hiyo ameshinda kwa ustadi wake, au ni mtambo uliomshindia?

Kwa asiyeifahamu michezo hii, nieleze kwanza. Mchezaji huongoza roboti kubwa la kivita, lenye miguu na silaha kila upande, akipambana na maroboti ya wachezaji wengine walio mbali, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Silaha nyingine, kama mizinga na miale ya leza, hulengwa kwa mkono: mkono ukitetemeka, umekosa. Nyingine ni makombora ya kunasa shabaha. Unamweka adui ndani ya duara kwenye kioo kwa muda mfupi, mtambo unamnasa, unafyatua, na makombora yanamfuata hata akikata kona. Hapo ndipo wanaolenga kwa mkono wanapopiga kelele: "Hiyo ni silaha ya wavivu!"

Tukirudi nyuma kidogo, tutaona kwamba mwanzoni ubishi huu haukuwa na nafasi. Mchezo wa BattleTech, ambao ndio baba wa mingi ya aina hii, ulitolewa na kampuni ya FASA ya Chicago, Marekani, mwaka 1984. Ulichezwa mezani, kwa ramani na dadu. Leza ilirushiwa dadu, na kombora likarushiwa dadu. Hakuna aliyelenga chochote kwa mkono. Ustadi ulikuwa katika kupanga mahali pa kusimama na wakati wa kupiga. Mwaka 1989 ulipotoka mchezo wa kompyuta wa MechWarrior, mkono ulipewa kazi ya kulenga. Tangu hapo watu wakaanza kudhani kwamba ustadi wote uko mkononi.

Tuuchukue MechWarrior Online, uliozinduliwa rasmi mwaka 2013 na kampuni ya Piranha Games ya Kanada. Humo yamo makombora ya masafa marefu, na mtu akiyatazama kwa haraka ataona hayana kazi. Lakini ayatumie mbele ya wachezaji wazoefu, ataona mambo. Leza hufika papo hapo. Makombora haya huchukua sekunde kadhaa angani, na anayelengwa hupewa onyo. Akijibanza nyuma ya jengo refu, mzigo wote unaishia ukutani. Adui aweza kubeba bunduki ndogo inayotungua makombora, au kifaa cha kuvuruga rada ili asinaswe kwa urahisi. Adui akikusogelea kupita kiasi, makombora mengi ya aina hii hayamdhuru sawasawa.

Kuna na jambo la nne, ambalo wengi hawalifikirii. Mwenye leza akiwa na mkono mzuri hupiga mahali pamoja, tuseme kifua, mpaka deraya ipasuke na roboti lianguke. Makombora hutawanyika mwili mzima: mengine mkononi, mengine mguuni, mengine begani. Kwa hiyo idadi ya majeraha yaweza kuonekana kubwa kwenye hesabu za mwisho, na adui bado amesimama anakupiga.

Basi mrusha makombora hodari hufanya nini? Huchagua mahali penye anga wazi. Husubiri adui atoke mafichoni na kuwa mbali na ukuta wa kukimbilia. Husikilizana na mwenzake aliye mbele, anayemmulika adui kwa mwale maalumu ili anaswe upesi. Mvuvi wa nyavu halengi samaki mmoja mmoja kama mwenye mkuki, lakini asiyejua maji yanajaa saa ngapi na samaki wanapita wapi, hurudi na nyavu tupu.

Hata hivyo, wanaolalamika wasipuuzwe, maana wana hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni ya kugawana maumivu. Makombora haya yaweza kurushwa kutoka nyuma ya kilima, huku mwenzako ndiye anayemwona adui. Deraya za kikosi ni akiba ya wote. Anayejificha mchezo mzima anabaki na deraya nzima wakati wenzake wanateketea, na mwishowe anabaki peke yake mbele ya maadui watano. Huyo amewanyima wenzake haki yao.

Ya pili inahusu makombora mafupi ambayo hayafyatuki mpaka shabaha inaswe, na yakishafyatuka ni nadra kukosa. Kinga ya roboti dogo ni mbio na udogo wake. Silaha hii huivunja kinga hiyo bila mpigaji kufanya kazi kubwa. Hapa nakubaliana na walalamikaji: ustadi ni mdogo, na mpigwaji hana jibu la kutosha.

Tutazame upande wa pili, Japani. Katika Armored Core VI, uliotolewa na FromSoftware mwaka 2023, karibu kila bunduki inasaidiwa na mtambo kulenga. Je, wote wamekuwa sawa? Hata kidogo. Kwa kuwa kulenga kumerahisishwa, ushindani umehamia kwenye kukwepa kwa kasi, kukaa katika umbali unaoifaa silaha yako, na kungoja adui ayumbe ndipo umpige pigo zito. Bingwa bado ni bingwa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za baharini zilipoanza kutufikia, intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde. Leo ni afadhali, lakini anayecheza na seva iliyo Ulaya au Marekani bado anacheleweshwa na umbali. Adui anayemwona ameshasogea. Mtu huyo silaha ya kunasa shabaha humpunguzia hasara ambayo si kosa la mkono wake.

Kwa hiyo, tusiulize tu nani amelenga. Tuulize: Je, anayepigwa anaweza kuliona pigo likija? Je, analo jibu? Na je, silaha hiyo ikishikwa na fundi inafanya kazi kuliko ikishikwa na mwanagenzi? Ikiwa majibu ni ndiyo, ustadi upo, ila umehama kutoka mkononi kwenda kichwani. Ikiwa ni hapana, waunda mchezo wairekebishe, kwa sababu mashindano ambayo anayepigwa hana la kufanya hayana ladha, hata kwa anayeshinda.

Mcheza bao hashindi kwa wepesi wa vidole, na hakuna aliyewahi kumwita mvivu. Hadi juma lijalo, kwaherini.