Unga unaonasa nyongo: dawa ya kolesteroli na saa za kuinywa

Mzazi aliyeko Mutomo au Mbooni, huku Ukambani, hupata dawa kutoka pande tatu: kliniki ya presha hospitalini, duka la dawa mjini, na mtoto aliye Nairobi au ng'ambo ambaye hutuma kifurushi kila akipata mtu wa kumpa. Ndani ya kifurushi hicho huenda kukawa na pakiti za kolestiramini, unga wa kupunguza kolesteroli. Ni dawa ya zamani na ina kazi yake halali. Lakini ikiingia nyumbani bila maelezo, inaweza kuzifanya dawa nyingine za mgonjwa zisifanye kazi, naye asijue. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Tuanze na ini. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli. Tunapokula, asidi hizo humiminwa kwenye utumbo mwembamba zisaidie kuyeyusha mafuta. Zikimaliza, kiasi cha asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo huo na kurudi kwenye ini zitumike tena, na safari hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa siku. Mwenyeji wa Kitui anaijua hesabu ya namna hii: maji yaliyoosha mboga yanaosha vyombo, kisha yanaenda kwenye mche wa mwembe, ili mtungi wa maji safi usiguswe. Kolestiramini hukata mzunguko huo. Chembe zake hunasa asidi za nyongo humo humo utumboni na kutoka nazo pamoja na choo. Ini likikosa marejesho, hulazimika kutengeneza asidi mpya, na malighafi yake ni kolesteroli. Basi seli za ini huongeza vipokezi vya kuivuta LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa, na kiwango chake katika damu hushuka. Michael Brown na Joseph Goldstein, watafiti wa Marekani waliofichua kazi ya vipokezi hivyo, walitunukiwa Nobel mwaka 1985.

Dawa yenyewe haifyonzwi. Haiingii kwenye damu, haifiki kwenye misuli wala figo. Kwa sababu hiyo madaktari huifikiria kwa mjamzito mwenye kolesteroli ya kurithi iliyo juu sana, kwani statini, vidonge vinavyotumika zaidi kushusha kolesteroli, kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito. Katika jamii hii ya dawa zimo pia kolestipoli na kolesevelamu, na hii ya mwisho huja kama vidonge vikubwa.

Je, inaokoa moyo? Mwaka 1984 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa wanaume 3,806 wenye kolesteroli ya juu, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.4. Nusu yao waliagizwa gramu 24 za kolestiramini kwa siku, yaani pakiti sita za gramu nne nne. Nusu nyingine walipewa unga usio na dawa. Vifo vya maradhi ya mishipa ya moyo pamoja na mishtuko ya moyo isiyoua vilipungua kwa asilimia 19 kwa waliopewa dawa. Wakati huo wapo madaktari waliokuwa bado wanabishana kama kuishusha kolesteroli kuna faida yoyote, na utafiti huo uliwapa jibu zito.

Miaka mitatu baadaye statini ya kwanza iliidhinishwa huko huko Marekani, na hali ikabadilika. Chukua mgonjwa ambaye LDL yake ni 4.6 mmol/L kwenye karatasi ya maabara. Kolestiramini huishusha kwa asilimia 15 hadi 30 kutegemea kipimo. Tukichukua 20, atafika karibu 3.7. Atovastatini ya kipimo kikubwa hupunguza takriban nusu, kwa hiyo atafika 2.3, tena kwa kidonge kimoja kwa siku. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi anatakiwa awe chini ya 1.8, na wataalamu wa Ulaya wanataka 1.4. Kwa mgonjwa huyo unga peke yake hautoshi, na ninamsihi asiache statini kwa sababu jirani amemwambia unga ni salama zaidi.

Ninasikia lalamiko la maumivu ya misuli mara kwa mara, na sililipuuzi. Lakini uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliojumuisha majaribio ambamo mgonjwa hakujua kama anameza statini au kidonge kitupu, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maumivu ya misuli kwa wanaotumia statini hayasababishwi na dawa hiyo. Mama aliyelima shamba la ndengu kutwa nzima ana sababu nyingine za kuumwa mapaja. Hatua ya kwanza ni kurudi kwa daktari, apunguze kipimo au abadilishe statini. Hata ikishindikana, mara nyingi kinachofuata ni ezetimibi, kidonge kimoja kinachozuia kolesteroli kufyonzwa utumboni. Unga wa kunasa nyongo huja baada ya hapo, au huongezwa juu ya hivyo vingine.

Sasa nije kwenye hatari niliyoitaja mwanzo. Unga huu hauchagui sana cha kunasa. Hunasa levothairoksini ya mwenye tezi, wafarini ya mwenye damu inayoganda, digoksini ya moyo, hata statini yenyewe. Kwa wagonjwa wetu linalonitia wasiwasi zaidi ni haidroklorothiazidi, kile kidonge cha presha cha kuongeza mkojo ambacho watu wengi wanakitumia. Kikimezwa pamoja na kolestiramini, ufyonzwaji wake unaweza kupungua kwa hadi asilimia 85. Presha itapanda, mgonjwa ataapa kwamba hajakosa dozi hata siku moja, na atakuwa anasema kweli. Ataongezewa dawa ya tatu, wakati kilichohitajika ni kubadilisha saa.

Kanuni ni hii: dawa nyingine zimezwe angalau saa moja kabla ya unga, au saa nne hadi sita baadaye. Tuseme mama wa Mutomo ana presha na tezi, na amepewa unga mara moja kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, ameze levothairoksini na haidroklorothiazidi kwa maji. Saa saba mchana, pamoja na chakula, anywe unga. Saa tatu usiku ameze amlodipini, dawa yake nyingine ya presha, na statini. Ratiba hiyo iandikwe kwa kalamu nene kwenye kifuniko cha kopo la dawa, mjukuu naye aisome, kwa sababu zikichanganywa zote asubuhi ili "kumaliza kazi", shida inarudi palepale.

Unga wenyewe una jinsi ya kuunywa. Usiulambe mkavu, utakukaba. Mimina maji kwenye glasi, nyunyiza unga juu, uache dakika moja au mbili ulowane, kisha koroga. Hauyeyuki, utaona chembe zikielea na utazisikia ulimini. Kunywa bila kukawia, maana ukiuweka mdomoni muda mrefu unaharibu meno. Kisha suuza glasi kwa maji kidogo uyanywe nayo, kwa kuwa sehemu ya dozi imebaki chini. Sharubati ya maembe huuficha vizuri, ila mwenye kisukari atumie maji.

Tatizo linalowafanya wengi waache ni kufunga choo, na tumbo kujaa gesi. Dawa yake ni maji, na hapa inabidi tuseme ukweli wa Ukambani. Mwezi wa Septemba, mito ikiwa imekauka na mtu anachimba mchanga apate ndoo moja, wazee hunywa maji kidogo ili watoto na mbuzi wapate. Daktari anayeandika kolestiramini bila kuuliza maji yanatoka wapi hajamaliza kazi yake. Kuanza na pakiti moja na kupandisha polepole kunasaidia, na kunde, mboga za majani na mapapai pia. Anayetumia kwa miaka anaweza kupungukiwa na vitamini A, D, E na K. Akianza kutokwa damu kwenye fizi ovyo, arudi hospitalini.

Kuhusu chakula, Ukambani una hazina. Nyuzinyuzi zinazolainika kwenye maji, zilizomo kwenye mbaazi, yaani nzuu, na kwenye ndengu na maharagwe, hushika asidi za nyongo kwa namna iliyo dhaifu kuliko dawa. Dkt. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na kisha Mulago, Uganda, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhusisha nyuzinyuzi na uchache wa maradhi ya mishipa ya moyo aliouona huku, na aliiandika hoja hiyo mwaka 1972. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto waliochanganua majaribio 26 walikuta kwamba gramu 130 hivi za vyakula vya jamii ya kunde vilivyopikwa, kila siku, hushusha LDL kwa takriban asilimia 5. Ni kidogo, lakini inaongezea juu ya dawa. Pumba za mahindi hazina nguvu hiyo, kwa hiyo anayekula muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, hajapoteza kitu upande huu, mradi nzuu iwe nyingi sahanini. Anapoteza akiukaanga kwa mafuta magumu ya kopo.

Kabla ya kuanza unga huu, pima kolesteroli yote pamoja na trigliseridi, mafuta mengine ya damu ambayo dawa hii huyapandisha. Trigliseridi zikiwa zaidi ya 5.6 mmol/L, usiuanze kabisa, kongosho linaweza kuvimba. Zikiwa chini ya hapo lakini zimepanda, daktari aamue. Rudia kipimo baada ya wiki nne hadi sita, na siku hiyo nenda na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile zilizotumwa na mtoto.