Bandama kubwa na chupa inayosubiri

Kati ya maswali ya wasomaji kuhusu kutolewa bandama, moja halikauki. Chembe sahani za mgonjwa zimeshuka, ndugu wamehangaika mpaka zikapatikana, halafu mtaalamu wa usingizi anaiweka chupa pembeni. Ana nini huyu?

Ana akili. Bandama nzima ina gramu 150 hivi na huhifadhi theluthi ya chembe sahani zote mwilini. Ikifura kwa malaria ya kujirudiarudia, au kwa kichocho cha tumbo kama kile cha kandokando ya Ziwa Victoria, huweza kupita kilo moja, na ikazizuilia ndani hata asilimia 90. Ukitundika chupa asubuhi, umeilisha bandama, si mgonjwa. Kwa hiyo kama damu haivuji, mtaalamu husubiri mpasuaji aufunge mshipa unaoipelekea bandama damu. Ukishafungwa, mlafi amefungwa mdomo: chembe sahani zinazoingia hubaki kwenye mzunguko. Wengine hata chupa hawaihitaji, maana bandama ikitoka, hesabu hupanda yenyewe ndani ya siku chache.

Uchache huohuo ndio unaofanya sindano ya mgongoni iogopwe. Damu ikivuja ndani ya mfereji wa uti wa mgongo hujikusanya, ikabana neva, miguu ikapooza. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa usingizi kamili.

Bado nasikia kwamba nusu kaputi ni nusu ya kufa. Mimi huogopa zaidi kikombe cha uji kinachopenyezwa wodini alfajiri “apate nguvu”. Bandama iliyofura hukandamiza mfuko wa chakula na kukisukuma kiwambo juu. Usingizi ukiingia, uji hupanda kooni na kumwagikia mapafuni. Kwa hiyo mgonjwa huinuliwa kichwa, huvuta oksijeni dakika kadhaa, dawa huingia kwa kasi, na mpira hupitishwa kwenye njia ya hewa papo hapo.

Na nyie mnaochanja chale ubavuni kushoto “kuikata bandama”: wembe wenu unaishia kwenye ngozi. Bandama iko chini ya mbavu, haiujui. Mnachoacha ni makovu na vidonda.

Ushauri ni mfupi. Chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo zitangulie upasuaji kwa wiki 2 au zaidi. Siku ya upasuaji, usile kinyume cha maelekezo. Ukirudi nyumbani, lala ndani ya chandarua na uulizie dawa za kinga. Homa yoyote, hospitali siku hiyohiyo, si kwa mwenye wembe.