Unatafuta Mpenzi Mtandaoni? Chanuka Hivi Kabla Uliwe Fare

Wasee wengi hulia kwamba Tinder, Badoo na Bumble zimejaa matapeli. Ni kweli wako. Lakini kuna watu wamepata wachumba huko huko, na si sura wala doo iliwasaidia. Siri yao ni moja: hawakai kuchati miezi sita. Wanautafuta ukweli mapema, lakini kwa akili.

Anza na profaili. Weka picha za juzi, uso ukionekana vizuri. Wachana na filta na gari la wenyewe, juu siku ya deti utaonekana tu. Kama unataka ndoa, andika. Kama una mtoto, sema. Wa kutoroka atoroke sasa.

Ukishampata mtu, usimtupie "niaje" pekee. Hizo amepokea za kutosha. Kama amepiga picha Ngong Hills, muulize kama alimaliza vilima vyote ama alirudia njiani. Hapo stori inaanza.

Mkielewana, ombeni simu ya video. Mtu ambaye kamera yake imeharibika kila siku, huyo anatumia picha za wenyewe. Namba pia inaongea: ukianza kutuma M-Pesa, Hakikisha inakuonyesha jina kabla pesa haijatoka, kisha unakatiza. Likitokea jina lingine, usikasirike, uliza. Laini inaweza kuwa ya dadake.

Sasa fare. Dawa ni rahisi: kutaneni karibu na kwake, mlipie chai hapo. Anayeitisha pesa kabla hamjaonana, iwe ya fare, hospitali ama tokeni za stima, anatafuta pesa, si wewe.

Deti ya kwanza iwe mchana, kwa mkahawa wenye watu. Si keja yake, si nyumba ya kukodi ya usiku mmoja. Januari 2024 wanawake waliuawa kwa nyumba kama hizo Nairobi, mpaka watu wakaandamana tarehe 27. Mwachie rafiki jina, namba na mahali ulipo. Machali pia, chungeni glasi zenu; kuwekewa mchele si utani, unaamka bila simu na akaunti imefagiwa.

Na kama hamjavutiana, mwambie kwa heshima, usipotee tu. Lakini mkimaliza chai na bado mnacheka, basi fanyeni kile wengi huogopa: futeni hizo apu, wote wawili.