Nanga ya Ziwa Usilolijua

Mji wetu wa Eldoret, ambao wazee bado huuita Sitini na Nne, umekaa juu ya uwanda wa ngano na mahindi, kadiri ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ziwa la kusafiria kwa chombo hatuna, ijapokuwa tuna mahali paitwapo Ziwa, penye mahindi mengi. Lakini anayetaka maji hana safari ya kumchosha. Akiteremka kwa njia ya Iten na Kabarnet atafika Baringo. Akishika njia ya Kapsabet atafika Kisumu, penye ziwa Victoria. Na akipita Kitale na Lodwar atafika Kalokol, kando ya ziwa Turkana. Si ajabu basi kwamba mkulima au karani wa huku, akiisha kuweka akiba kidogo, huanza kufikiri habari za mashua ya kuvulia samaki au ya kuchukulia wageni.

Mtu huyo huuliza sana habari za mbao, injini na nyavu. Nanga huiacha hata siku ya mwisho, kisha humwendea fundi wa kuchomelea vyuma na kumwambia, "Nitengenezee moja iliyo nzito." Hapo ndipo shauri linapoanza kuharibika. Injini ikizimika katikati ya upepo, chombo hakina breki nyingine ila nanga. Na kama nanga haishiki, watu waliomo huchukuliwa popote upepo unapotaka, penye miamba au penye mawimbi makubwa.

Mkulima wa Uasin Gishu aweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko mtu mwingine, kwa sababu anaijua plau. Plau haiingii ardhini kwa uzito wake peke yake. Huingia kwa kuwa ncha yake imeinama inavyopasa, na kwa kuwa ng'ombe au trekta huivuta kwa ulalo. Ukiivuta kwenda juu, itatoka hapo hapo hata ikiwa nzito namna gani. Nanga nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1933 Geoffrey Ingram Taylor, mtaalamu wa Cambridge katika Uingereza, alibuni nanga yenye umbo la plau hasa. Ilikusudiwa kwa ndege zinazotua majini, nazo hazikuweza kubeba chuma kizito. Ilitakiwa nanga nyepesi yenye kuchimba. Inatumika hata leo.

Kwa hiyo swali la kwanza si uzito. Swali la kwanza ni hili: chini ya maji hayo kuna nini?

Katika ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, maji si ya kina kirefu na mahali pengi chini ni tope laini. Nanga ya kucha nne, ile ya chuma cha nondo ambayo mafundi wetu huipenda, hupita katika tope hilo kama uma katika uji. Hapo yafaa nanga yenye mabapa mapana, kama ile ya Danforth iliyotumiwa na vyombo vya kuteremshia askari pwani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kumbuka pia kwamba upepo wa huko hugeuka: mchana hutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu. Chombo hugeuka pamoja nao, na nanga iliyoshika jioni yaweza kung'oka usiku. Tena gugu maji huelea kwa makundi makubwa na kukiegemea chombo, nanga ikabeba mzigo ambao hukuuhesabu.

Baringo ni shauri jingine. Tangu mwanzo wa miaka ya 2010 maji yake yamepanda sana, yakafunika miti, nyua za mashamba na hata majengo ya Kampi ya Samaki. Maji yenyewe ni ya rangi ya udongo, huoni kitu chini. Huko nanga hushika kupita kiasi: hunasa katika tawi au waya, isitoke tena. Dawa yake ni kamba ya pili, nyembamba, iliyofungwa upande wa kucha za nanga na kuachwa juu na boya dogo. Nanga ikinasa, uivute kwa kamba hiyo itoke kinyumenyume. Usimtume kijana apige mbizi kuifungua; ziwa lile lina mamba na viboko.

Turkana ndilo la kuogopwa zaidi. Upepo wa kusini-mashariki huvuma huko kwa nguvu, mara nyingi usiku na asubuhi, na ziwa ni refu mno, kadiri ya kilometa 250, hata mawimbi hupata nafasi ya kukua. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, na hawakurudi tena. Pwani ya Kalokol ina mchanga, na nanga ya plau huchimba vizuri; lakini upande wa kusini ni mawe ya volkano, na hapo ile ya nondo ndiyo bora. Kucha zake hushika jiwe, na zikikwama huweza kunyooka kwa kuvutwa sana, ukaokoa kamba yako.

Sasa kamba, ambayo watu huifanyia ubahili. Ukiwa na mita tano za maji, na omo, yaani mbele ya chombo, iko mita moja juu ya maji, jumla ni sita. Toa kamba mara tano ya hiyo, mita 30. Upepo ukizidi toa mara saba, mita 42. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu, nasi tumekwisha kuona plau hufanya nini ikivutwa hivyo. Mita mbili au tatu za mwanzo ziwe mnyororo, ili uilaze nanga chini na usikatwe na mawe. Nailoni ni njema kwa kuwa hunyumbuka. Ile kamba rahisi ya plastiki inayoelea hukatwa na rafadha za injini. Nayo ifungwe omo, kamwe isifungwe tezi, maana mawimbi yataingia kwa nyuma na kukizamisha chombo.

Ukifika ziwa usilolijua, waulize kwanza wavuvi wa hapo wanatia nanga gani, na kwa nini. Kisha tia bildi mwenyewe: kipande cha chuma kilichofungwa kamba yenye mafundo kila mita, na chini yake umepaka sabuni laini. Kitakuonyesha kina, na sabuni itakuletea mchanga au tope. Ikirudi safi yenye mikwaruzo, chini ni mwamba. Tia nanga siku ya shwari, rudisha chombo nyuma polepole kwa injini, kisha tazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mti na kilima mathalani. Vikianza kuachana, nanga inaburuta. Ongeza kamba, au ing'oe uitie upya.