Sema Shida Yako Mpaka Iandikwe

(Sauti: maji yakitiririka, madumu yakigongana)

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, foleni ya maji unaijua. Maneno mengi ya kambini huanzia hapo, na mengi huishia hapohapo.

Tuseme binti yako anachelewa shule kwa sababu ya foleni hiyo. Jumamosi kuna mkutano wa zoni na ofisa wa maji atakuwepo. Unasimama: "Tunateseka! Maji hakuna! Hamtujali!" Watu wanapiga makofi. Ofisa anaandika neno moja tu kwenye daftari: maji. Halafu anamwita msemaji mwingine, naye anasema yaleyale.

Hukusema uongo. Lakini "tunateseka" ameisikia zoni zote. Mateso hawezi kuyatengeneza, koki anaweza.

Basi kabla ya Jumamosi, hesabu. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada huvifuata, vinasema kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, koki moja isihudumie zaidi ya watu 250, na foleni isizidi dakika 30. Koki inayosemwa hapo ni ile inayotoa lita 7.5 kwa dakika, yaani dumu la lita 20 linajaa kabla ya dakika 3 kuisha. La kwako je? Tazama saa ya simu. Simu huna? Azima ya jirani. Likichukua dakika 8, umeshapata hoja, na haikuhitaji cheti cha shule.

Sasa simama tena: "Mheshimiwa, kituo chetu kina koki 4. Mbili hazitoi maji tangu mwezi uliopita. Zilizobaki zinajaza dumu kwa dakika 8. Binti yangu anashika foleni saa 11 alfajiri, shuleni anafika saa 3. Tunaomba fundi azitazame koki hizo mbili." Kisha keti. Usichanganye na kuni na mahema, maana ofisa atajibu lile lililo rahisi kwake.

Ukisema kupitia mkalimani, kata maneno. Sentensi moja, nyamaza, amalize. Na methali ile tamu ya nyumbani iache. Mara nyingi hufika upande wa pili bila utamu wake, na tarakimu zako zikapotea nayo.

(Muziki mfupi)

Huenda ofisa akasema: "Zoni nyingine wana hali mbaya zaidi." Hapo wengi hupandwa na hasira, na mkutano unageuka ugomvi. Mkubalie. "Ni kweli, nao wasaidiwe. Sisi hatuombi kisima kipya, tunaomba koki 2 zitengenezwe." Amebaki na nini cha kukataa?

Akina mama wengine wanatuambia hawathubutu kusimama mbele ya wanaume. Kubalianeni mapema, mwende watatu, mmoja aseme na wawili wakae karibu naye. Au andikeni maneno hayohayo kwenye karatasi, muitie katika sanduku la maoni.

Na kabla mkutano haujafungwa, uliza: "Nani atakuja, na tarehe ngapi?" "Tutalishughulikia" si tarehe. Mwombe katibu aandike jina na siku, kisha ayasome kwa sauti, wote wasikie.

Kesho alfajiri, ukiwa kwenye foleni, anza kuhesabu.